Edwin Jackson na klabu 14: kisa cha mrushaji aliyetakiwa kila mahali

Asubuhi ya tarehe 27 Julai 2011 Edwin Jackson aliamka akiwa mrushaji wa Chicago White Sox. Siku hiyohiyo akawa mali ya Toronto Blue Jays, na siku ile haijaisha akawa wa St. Louis Cardinals. Klabu tatu kwa siku moja. Hakuombwa ridhaa, hakusaini karatasi mpya, wala hapakuwa na yale mazungumzo ya maslahi binafsi tunayoyasikia kila dirisha la usajili wa soka linapofunguliwa. Mkataba ulikuwa uleule na mshahara uleule. Kilichobadilika ni mwajiri na mji wa kulala.

Miezi mitatu baadaye alikuwa bingwa wa besiboli. Miaka minane baadaye, tarehe 15 Mei 2019, alipanda uwanjani San Francisco akiwa amevaa jezi ya Toronto, klabu ileile iliyommiliki kwa saa chache bila kumtumia, na hapo akawa mtu wa kwanza katika historia ya ligi kuu ya Marekani, MLB, kuchezea klabu 14.

Wengi wakisikia namba hiyo husema: basi huyo alikuwa mchezaji wa kawaida, kila klabu ilimjaribu ikamtema. Takwimu zake za mwisho zinaonekana kuwaunga mkono: mechi 107 alizoshinda, 133 alizopoteza. Nimekifuatilia kisa hiki hatua kwa hatua na naona jibu hilo linamdhulumu. Jackson alihamishwa zaidi katika miaka yake mizuri. Alihamishwa kwa sababu alifaa, na kwa sababu kila alipofaa bei yake ilipanda. Sehemu ya pili ya maisha yake ya kazi, ile ya kutemwa kweli, ilikuja baadaye na ilikuwa na sababu nyingine kabisa. Tukizichanganya hizo mbili hatumwelewi mtu huyu, wala hatuielewi biashara iliyomzungusha.

Kwa msomaji asiyezoea besiboli, maelezo machache. Mrushaji husimama juu ya kichuguu kidogo cha udongo katikati ya uwanja na kumrushia mpira mpigaji mwenye gongo. Mechi ina zamu tisa. Timu inaendelea kupiga katika zamu yake mpaka wapigaji wake watatu watolewe. Mpigaji akipata pigo safi hukimbilia kituo cha kwanza, na akimaliza kuzunguka vituo vyote timu yake inapata pointi. Mrushaji akirusha mipira minne nje ya eneo halali, mpigaji hupewa kituo cha kwanza bure. Hilo la kituo cha bure tulishike, maana lilimwandama Jackson tangu ujana hadi mwisho. Kipimo kinachotajwa zaidi ni wastani wa pointi anazoruhusu mrushaji kwa kila zamu tisa: chini ya 4 ni kazi nzuri, juu ya 5 ni mateso.

Kuna jambo moja zaidi, nalo ndilo ufunguo wa kisa chote. Msimu wa MLB una mechi 162, na klabu huwa na warushaji wa kuanza wapatao watano wanaopokezana, kwa kuwa hakuna mkono unaoweza kurusha mipira mia moja kila siku. Mrushaji wa kuanza ambaye hakuumia hupata mechi 31 hadi 33 kwa msimu. Tatizo ni kwamba wanaumia. Kiwiko hukatika mshipa, mtu anapasuliwa, anakaa nje mwaka mzima au zaidi. Jackson, tangu 2007 hadi 2013, hakushuka chini ya mechi 31 za kuanza hata msimu mmoja. Misimu saba mfululizo. Na mkono wake ulikuwa na mpira wa kasi uliofika maili 95 kwa saa, yaani kilomita zipatazo 153, na kupita. Kila meneja wa klabu Marekani anajua thamani ya mtu wa namna hiyo: huenda asikupe ushindi wa kishujaa, lakini kila siku ya tano utamkuta yupo, amevaa viatu, anakusubiri umpe mpira.

Sasa sheria. Kwa miongo mingi mchezaji wa besiboli Marekani alifungwa na klabu yake kwa muda wote ambao klabu ilimtaka. Curt Flood wa St. Louis Cardinals alikataa mwaka 1969 kuhamishiwa Philadelphia, akaenda mahakamani akisema yeye si mali ya kununuliwa na kuuzwa. Mwaka 1972 Mahakama ya Juu ya Marekani ilimkatalia kwa kura 5 dhidi ya 3. Aliyefungua mlango ni msuluhishi, Desemba 1975, alipoamua kwamba warushaji Andy Messersmith na Dave McNally walikuwa huru. Tangu hapo wachezaji na klabu waliwekeana utaratibu ambao, kwa kiini chake, ndio aliokutana nao Jackson: miaka sita ya kwanza ya utumishi mchezaji ni wa klabu, mitatu ya mwanzo analipwa karibu na kima cha chini, mitatu inayofuata mshahara wake huweza kupelekwa kwa wasuluhishi na kupanda haraka kulingana na kazi aliyofanya, baada ya hapo ni mchezaji huru, anauza jasho lake anapotaka. Lakini muda wote huo klabu inaweza kumbadilisha na mchezaji wa klabu nyingine bila kumuuliza. Mwenye haki ya kukataa, kama mkataba wake hauna kifungu maalumu, ni yule tu aliyetimiza miaka kumi kwenye ligi na mitano ya mwisho mfululizo kwenye klabu moja.

Jackson alitimiza miaka kumi. Mitano mfululizo hakuwahi kuikaribia. Popote alipokaa sana alikaa misimu mitatu. Mtu anayehamishwa mara nyingi hukosa kinga ya kutohamishwa, na kwa kukosa kinga hiyo anahamishwa tena. Hilo ni duara ambalo halitokani na ubovu wa mkono wa mtu.

Alizaliwa tarehe 9 Septemba 1983 huko Neu-Ulm, Ujerumani Magharibi, baba yake akiwa askari wa jeshi la Marekani. Alikulia Columbus, jimbo la Georgia, na Los Angeles Dodgers wakamchukua mwaka 2001 akitoka sekondari, katika raundi ya sita ya zoezi la klabu kuchagua chipukizi. (Ndiyo hao Dodgers ambao mwaka 2022 walisajili vijana wawili kutoka Uganda; macho yao ya kutafuta mikono yenye kasi hayakuanza jana.) Mechi yake ya kwanza ya ligi kuu aliicheza tarehe 9 Septemba 2003, siku aliyotimiza miaka 20, mjini Phoenix, na mrushaji wa upande wa pili alikuwa Randy Johnson, jitu la futi 6 na inchi 10 ambalo tayari lilikuwa na tuzo tano za mrushaji bora wa mwaka. Kijana alirusha zamu sita, akaruhusu pointi moja, Dodgers wakashinda 4–1.

Mwanzo kama huo ni zawadi, na pia ni deni. Misimu miwili iliyofuata wastani wake ulikuwa 7.30, kisha 6.28. Kasi ilikuwepo, shabaha haikuwepo. Januari 2006 Dodgers, wakitaka kushinda mara moja, walimpeleka Tampa Bay pamoja na chipukizi mwingine ili wapewe warushaji wawili wazoefu, Danys Baez na Lance Carter. Huo ndio uhamisho wa kwanza, na ndio pekee katika miaka yake ya mwanzo ninaoweza kuuita wa kukatishwa tamaa.

Tampa Bay wakati huo ilikuwa klabu maskini iliyozoea kushika mkia. Mwaka 2007 Jackson alishinda 5 akapoteza 15, wastani 5.76. Klabu nyingine ingemrudisha ligi ndogo. Hawa walimpa mechi 31. Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe; Tampa walimpa jembe na wakamwacha alime hata mistari ilipokuwa inapinda. Mwaka uliofuata alishinda 14 akapoteza 11, wastani 4.42, na klabu ile ya mkiani ikafika fainali ya ligi, World Series, kwa mara ya kwanza katika historia yake. Walifungwa na Philadelphia Phillies, lakini Jackson alikuwa amekuwa mrushaji kamili.

Na hapohapo ndipo alipohamishwa. Desemba 2008 alipelekwa Detroit Tigers kwa kubadilishana na Matt Joyce. Sababu haifichiki: Tampa walikuwa na David Price, kijana mwenye kipaji kikubwa zaidi na mshahara mdogo, anayehitaji nafasi kati ya wale watano. Jackson alikuwa anaelekea miaka ambayo mshahara hupanda. Klabu maskini huuza ng'ombe akishanona.

Detroit, mwaka 2009, ndiko alikocheza msimu wake bora: zamu 214, ushindi 13, wastani 3.62, akachaguliwa kwenye mechi ya nyota wa ligi. Ukiangalia kwa ndani utaona nusu ya kwanza ya msimu wastani wake ulikuwa 2.52 na nusu ya pili 5.07, na sina shaka wakuu wa Tigers waliliona hilo pia. Desemba wakamtoa katika mabadilishano ya klabu tatu: Jackson na Ian Kennedy wakaenda Arizona Diamondbacks; Curtis Granderson akaenda New York Yankees; Detroit ikapokea wachezaji wanne, mmoja wao akiwa mrushaji kijana aitwaye Max Scherzer. Tutamrudia Scherzer.

Naomba tusimame kidogo Arizona, kwenye usiku wa tarehe 25 Juni 2010, kwa sababu hakuna mechi inayomweleza Jackson kuliko ile.

Diamondbacks walikuwa wageni wa Tampa Bay, ndani ya uwanja uliofunikwa paa wa Tropicana Field, ambako Jackson alikuwa amerusha kwa miaka mitatu. Ilikuwa klabu iliyomfundisha kazi na kumuuza. Mkono wake usiku ule ulikuwa na kasi ya kutisha na haukuwa na adabu. Katika zamu tatu za kwanza aliwapa wapigaji vituo saba vya bure. Saba! Katika zamu ya tatu vituo vyote vitatu vilijaa watu na hakuna hata mpigaji mmoja aliyekuwa ametolewa. Kwa mrushaji, hakuna mahali pabaya zaidi pa kusimama. Akatoka bila kuruhusu pointi. Adam LaRoche alikuwa ameshaipatia Arizona pointi moja kwa pigo lililotoka nje ya uwanja, na pointi ile ikabaki pekee.

Zamu zikaendelea, na watu wakaanza kugundua kwamba pamoja na vurugu zote zile, Tampa hawajapata pigo safi hata moja. Mrushaji kumaliza mechi nzima bila kuruhusu pigo safi ni jambo ambalo wengi walioingia kwenye jumba la heshima la mchezo huu hawakuwahi kulifanya. Lakini hesabu ya mipira ilikuwa inapanda: mia moja, mia na ishirini, mia na thelathini. Siku hizi meneja akiona mia na kumi hutuma mtu wa akiba akapashe misuli. A.J. Hinch, meneja wa Arizona, alimwacha. Jackson alimaliza kwa mipira 149, vituo vya bure 8, mpigaji mmoja aliyegongwa na mpira, wapigaji 6 waliokoseshwa mpira mara tatu na kutolewa. Arizona 1, Tampa Bay 0, mapigo safi sifuri.

Wapo wanaoiita mechi hiyo chafu kuliko zote za aina yake. Mimi naiona kama picha yake halisi. Kila alichokosa kilikuwepo, na kila alichokuwa nacho kilikuwepo. Hakuwa na shabaha ya kumwokoa. Alikuwa na uvumilivu, na mkono uliokubali kuendelea wakati mikono ya wengine ingekuwa imeshafungwa barafu.

Siku sita baadaye Hinch alifukuzwa kazi, pamoja na mkuu wa klabu Josh Byrnes. Arizona walikuwa wanazama. Tarehe 30 Julai, wiki tano tu baada ya usiku ule wa Tampa, Jackson akapelekwa Chicago White Sox. Arizona walipokea Daniel Hudson na chipukizi mwingine. Hapa tena utaona mkono wa hesabu: Jackson alikuwa na mkataba wa miaka miwili wenye thamani ya dola milioni 13.35, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilikuwa ya mwaka wa pili. Hudson alikuwa kijana wa kima cha chini. Alimaliza msimu Arizona kwa ushindi 7 na kushindwa 1, wastani 1.69.

Tunarudi sasa kwenye ile siku ya klabu tatu. St. Louis walikuwa wamempoteza Adam Wainwright tangu Februari 2011 kwa upasuaji wa kiwiko, na walihitaji mrushaji wa kuanza asiyeumia. Toronto walimtaka mchezaji wa St. Louis, Colby Rasmus. Chicago walikuwa na Jackson, ambaye mkataba wake ulikuwa unaisha mwisho wa msimu. Toronto wakamchukua kutoka Chicago kama fedha ya kununulia, wakaitumia papo hapo. Ndani ya kundi lililotoka Toronto kwenda St. Louis siku ile alikuwemo pia mrushaji Octavio Dotel, ambaye mwaka 2012 angefika klabu ya 13 na kuweka rekodi ambayo Jackson ndiye angekuja kuivunja. Warushaji wawili ambao wangekuja kupokezana rekodi ya kuchezea klabu nyingi zaidi walibadilishwa kwa karatasi moja, na sidhani kama kuna aliyelitambua hilo siku hiyo.

Mwishoni mwa Agosti Cardinals walikuwa nyuma ya Atlanta kwa mechi kumi na nusu katika kugombea nafasi ya mwisho ya mtoano. Wakaipata siku ya mwisho ya msimu. Jackson alikuwa ameshinda 5 na kupoteza 2, wastani 3.58.

Kwenye mtoano wa kwanza, dhidi ya Phillies waliokuwa na kikosi cha warushaji kilichoogopwa na wote, Cardinals walikuwa nyuma kwa mechi 2 kwa 1. Wakipoteza ya nne wanarudi nyumbani. Jackson ndiye aliyepewa mpira. Mipira yake mitano ya kwanza ilileta mapigo matatu na pointi mbili. Uwanja mzima wa St. Louis ulinyamaza. Kisha akatulia, akafikisha zamu sita bila kuruhusu pointi nyingine, na Cardinals wakashinda 5–3. Siku mbili baadaye walimaliza kazi Philadelphia kwa 1–0. Katika fainali dhidi ya Texas Rangers alianza mechi ya nne na kupoteza 4–0, akiwa ametoa vituo saba vya bure. Ugonjwa wake ulikuwa palepale. Lakini ubingwa ulipatikana katika mechi saba, na bila ile mechi ya nne dhidi ya Phillies hakuna fainali ya kuzungumzia.

Ukiacha ule wa kwanza, na ile saa chache ya Toronto, tumefikia uhamisho wa nne: kutoka Tampa, Detroit, Arizona na Chicago. Katika yote minne alikuwa mrushaji anayeanza mechi, mzima, kijana wa kati ya miaka 25 na 27. Hakuna klabu iliyomtoa bure. Kila moja ilipokea mtu wa maana. Huyo siyo mtu aliyetemwa. Ni noti iliyopita mikononi mwa wengi kwa sababu kila duka liliipokea.

Akawa mchezaji huru. Washington Nationals walimpa dola milioni 11 kwa mwaka 2012, akashinda 10 na kupoteza 11, na jiji la Washington likaona besiboli ya mtoano kwa mara ya kwanza tangu 1933. Kisha, Januari 2013, likaja jambo ambalo mtu yeyote mwenye maisha ya aina yake angelipokea kwa mikono miwili: Chicago Cubs wakampa mkataba wa miaka minne, dola milioni 52. Kwa mara ya kwanza alikuwa na mahali pa kutundika picha ukutani.

Palimwendea vibaya. Mwaka 2013 alishinda 8 akapoteza 18, katika klabu iliyopoteza mechi 96. Mwaka 2014, 6 na 15, wastani 6.33. Mwaka 2015 akaondolewa kwenye wale watano na kuwekwa pamoja na warushaji wa akiba, na Julai akaachwa. Alikuwa na miaka 31. Sitaki kuficha hili kwa ajili ya kumtetea: katika mkataba mrefu pekee aliowahi kupata, kazi yake ilikuwa mbaya. Mipira iliyotoka nje kidogo ilimgharimu, na aliporudi kuirusha katikati, ilipigwa.

Kuanzia hapo ndipo sehemu ya pili inapoanza, na utaratibu wake ni mwingine. Mkataba wa MLB hulipwa hata mchezaji akiachwa. Cubs walipomwacha waliendelea kumlipa, na klabu yoyote mpya ilihitaji kumpa kima cha chini tu, ambacho mwaka 2016 kilikuwa dola 507,500 kwa msimu mzima. Mrushaji mzoefu kwa bei hiyo ni kama fundi ambaye mshahara wake unalipwa na jirani. Ndiyo maana Atlanta walimchukua Agosti 2015, Miami mwaka 2016, na Miami walipomwacha San Diego wakamchukua mwaka huohuo. Mwaka 2016 ndio mwaka ambao Cubs walitwaa ubingwa wao wa kwanza tangu 1908. Jackson alikuwa bado kwenye orodha yao ya malipo, akirusha mipira mahali pengine.

Mwaka 2017 alipita Baltimore kwa mechi tatu, kisha akarudi Washington. Mwaka 2018 Washington walimweka ligi ndogo, mjini Syracuse, na akiwa na miaka 34 angeweza kusema basi. Akaomba kuondoka. Oakland Athletics, ambao warushaji wao walikuwa wameumia mmoja baada ya mwingine, wakampa nafasi. Aliwaanzia mechi 17, akashinda 6 na kupoteza 3, wastani 3.33. Tuseme wazi: mtu aliyetupwa na klabu kadhaa ndani ya miaka mitatu aliisaidia Oakland kushinda mechi 97 na kuingia mtoano. Hiyo ilikuwa klabu ya 13, sawa na Dotel. Msimu huo mmoja unanigusa kuliko hata ule wa nyota wa 2009, kwa kuwa mwaka 2009 alikuwa na mkono wa kijana, na mwaka 2018 alikuwa amebaki na ujuzi na ukaidi.

Mwaka 2019 Oakland walimrudisha kwa mkataba wa ligi ndogo, na mwezi Mei wakamuuza Toronto kwa fedha taslimu. Rekodi ikavunjwa, na mkono ukaonyesha umechoka: wastani wake Toronto ulikuwa 11.12. Akaachwa, akamalizia msimu Detroit, klabu iliyopoteza mechi 114 mwaka huo.

Mwaka huohuo, tarehe 30 Oktoba, mechi ya saba ya World Series ilichezwa Houston. Aliyeianza upande wa Washington alikuwa Max Scherzer. Aliyerusha zamu ya mwisho na kufunga ubingwa alikuwa Daniel Hudson, ambaye hadi mwisho wa Julai alikuwa Toronto, na kwa wiki kadhaa alishiriki chumba cha kubadilishia nguo na Jackson. Wote wawili, kwa nyakati mbili tofauti, walikuwa wamebadilishwa na Edwin Jackson. Nimeliweka hili mbele ya kila anayeniambia kwamba mtu huyu hakuwa na thamani: thamani yake ilipimwa sokoni, na soko lilitoa Scherzer katika kundi moja na Hudson katika jingine.

Je, klabu zilizomtoa zilikosea? Kwa hesabu zao, hapana. Tampa walimpatia Price nafasi. Detroit walipata mrushaji aliyekuja kushinda tuzo ya mrushaji bora mwaka 2013. Arizona walipata Hudson na mwaka 2011 wakaongoza kundi lao. Hata St. Louis, waliokaa naye miezi mitatu tu, walipata walichokitaka. Gharama ya utaratibu huu haionekani kwenye vitabu vya klabu. Inaonekana kwa mtu aliyetakiwa kujifunza mkamata mipira mpya, kocha mpya, kichuguu kipya na wapigaji wa kundi jipya karibu kila mwaka, huku watu wakimuuliza kwa nini hatulii. Shabaha hujengwa kwa kurudia jambo lilelile na kocha yuleyule. Tampa walimpa miaka mitatu na wakaona matunda mwaka wa tatu. Baada ya hapo, mpaka Cubs, hakuna aliyempa hata miwili kamili.

Zamu 1,960 na wapigaji 1,508 waliokoseshwa mara tatu ndivyo vilivyobaki kwenye jina lake. Mwaka 2021, akiwa na miaka 37 na bila klabu, alijiunga na timu ya taifa ya Marekani kwenye Olimpiki ya Tokyo. Walifika fainali huko Yokohama, wakafungwa na Japani 2–0, naye akarudi na medali ya fedha. Timu ya taifa haiwezi kukubadilisha na mtu. Septemba 2022, akiwa ametimiza miaka 39, alitangaza kustaafu.

Rekodi yake ya klabu 14 ilikaa peke yake hadi tarehe 22 Julai 2025, mrushaji Rich Hill, mwenye miaka 45, alipoanza mechi kwa Kansas City Royals, klabu yake ya 14. Mechi hiyo ilichezwa Wrigley Field, nyumbani kwa Cubs.